Amiba wa Boma la Mama

Mama alikuja kukaa kwangu Homa Bay kwa sababu koo lilikuwa limeanza kumfunga. Ni uvimbe, daktari alisema, na akatoa sharti moja: ale, uzito usishuke. Ukishuka, atatiwa mpira tumboni alishwe kwa huo. Mama aliuogopa mpira kuliko uvimbe wenyewe. "Siku hiyo mtakuwa mmeshanizika," aliniambia, "mnangoja tu sanduku."

Basi kazi yangu ikawa uji. Uji wa wimbi, mwepesi, nimeuchuja mara mbili, nimeutia maziwa na njugu zilizosagwa. Nilimwachia kikombe kikubwa kabla ya kwenda chuoni kufundisha, na niliporudi mchana kilikuwa kitupu. Nilifurahi kama mtoto. Muuguzi alipopiga simu kuulizia, nilijibu kifua mbele: anakula, anamaliza. Nguo zilianza kumpwaya, nikajiambia ni joto la ziwani.

Maabara ya chuo ilikuwa inakarabatiwa, kwa hiyo utafiti wangu ulihamia sebuleni: sahani ndogo za kioo ndani ya beseni la maji, zimefunikwa kitambaa kilicholoa ili zisipate joto. Ndani yake mlikuwa na ukungu wa ute, yaani amiba wa udongoni, niliouotesha kutoka udongo wa boma la ng'ombe la mama mwenyewe, kule karibu na Ogwedhi. Chakula kikiwapo, kila amiba hula peke yake na kugawanyika. Kikiisha wanaacha kukua, wanaitana, wanajikusanya maelfu kwa maelfu na kuwa mwili mmoja. Wengine wanakufa wakiwa bua, wengine wanakaa juu yake wakiwa mbegu. Mimi nilizifuata ribosomu, vile viwanda vidogo vinavyotengeneza protini ndani ya seli, ambavyo navyo vimejengwa kwa protini. Nilitaka kujua ni zipi kati ya protini hizo amiba huacha kuzitengeneza njaa inapoingia, na zipi anabaki nazo. Kwa hiyo ilibidi niwashindishe njaa, na nilimweleza mama hivyo.

"Unatoa watu wa kwetu nyumbani, unawaleta kwako, halafu unawanyima chakula?"

Nilicheka sana.

Wiki ya tatu ilifika na amiba hawakuwa wamejikusanya. Sahani zilinuka uchachu, zikaota ukungu wa kijivu kama wa mkate. Nililaumu umeme, nikalaumu maji, nikalaumu mikono yangu. Kumbe kikulacho ki nguoni mwako. Asubuhi moja nilisahau karatasi za mtihani, nikarudi kuzichukua, nikamkuta mama ameinama juu ya beseni na kijiko, anawapa uji kidogo kidogo, sahani moja baada ya nyingine. Uliobaki kikombeni aliumwaga dirishani kwa kuku wa jirani.

"Mama!"

Hakushtuka. "Wacha wakule, nyathina, mtoto wangu. Mimi nikimeza inarudi. Uji imepikwa, iharibike bure?"

"Tangu lini?"

"Tangu ile wiki ya kwanza. Ulikuwa unafurahi sana ukiona kikombe."

Nilitaka kufoka. Nilikuwa na hasira ya kujaza nyumba nzima, na sikuona wa kumpa. Nikachukua kijiko, nikambembeleza anywe mbele yangu. Alimeza vitatu. Cha nne kilirudi kwenye leso yake, na akaniomba msamaha. Mama yangu mzazi, akaniomba mimi msamaha.

Jumatatu tulikwenda hospitali, na mizani haikuficha kitu. Daktari alikuwa kijana wa kutoka mbali, asiyejua Kijaluo. Aliniuliza mimi, si mama: "Uzito umeshuka. Kama anakula, tunaweza kungoja mwezi mmoja. Anakula?"

Mama alinishika mkono chini ya meza. Nilijua uongo mmoja tu ungemwepusha na mpira kwa mwezi mwingine, na kwamba mwezi huo ungemmaliza.

"Hapana," nikasema. "Hawezi kula."

Aliuachia mkono wangu. Akaniambia kwa lugha yetu, taratibu, bila hasira: "Hata wewe umekuwa mtu wao."

Daktari aliuliza amesema nini. Nikamwambia amekubali.