Chuo cha Ghorofa ya Nne

Wiki iliyopita nilikwenda Al Mansoura, hapahapa Doha, kwa fundi, kupunguza upindo wa abaya, nikasema nipite mara moja kwenye jengo letu la zamani. Sikuliona. Nikazunguka mtaa mara mbili nikidhani nimepotea, maana mimi ni mtu wa kudhani kwanza kwamba kosa ni langu. Kumbe jengo ndilo lililoondoka. Mahali pake pamezungushiwa mabati meupe, na penye lango alikuwa ameketi askari kijana ambaye lafudhi yake ilinitajia Kenya kabla hajamaliza sentensi.

"Sista, unatafuta nani?"

"Natafuta chuo cha watoto. Kilikuwa hapa, ghorofa ya nne."

Akageuka kutazama mabati, kisha akanitazama mimi. "Hapa ni shimo tu, sista. Ukitaka ghorofa ya nne itabidi ungoje kidogo."

Nilicheka peke yangu mpaka akaona haya kwa niaba yangu. Kisha nikabaki nimesimama pale kwenye vumbi na joto, na tangu siku ile nimekuwa nikitafuta mtu wa kumsimulia. Kaa basi, nikusimulie wewe.

Chuo chetu kilikuwa sebule. Bi Maalim alikuwa mama wa makamo kutoka Unguja, aliyeletwa Doha na mwanawe, mpishi wa hoteli, amsaidie kulea wajukuu wawili. Alianza kuwasomesha wale wajukuu msahafu pale zuliani. Wiki hazikupita nyingi mama yangu akanipeleka na mimi, kisha wakaja watoto wa dereva wa Mombasa aliyekaa ghorofa ya chini yetu, kisha wengine kutoka majengo ya jirani, hadi viatu vyetu vikatoka mlangoni, vikafuata ukumbi, vikafika kwenye lifti. Asubuhi tulikuwa tukienda shule za Kihindi na kusoma kila kitu kwa Kiingereza. Dini tulifundishwa hukohuko na walimu wa Kiarabu. Lakini wazazi wetu walitaka tusome kama walivyosoma wao, kwa ile sauti ya kuimba na kuyumba, herufi zikitajwa kwa majina yake ya pwani, alifu na bee na tee. Katikati ya nchi ya Waarabu, sisi tulikuwa tunasoma Kiarabu kwa Kiswahili.

Siku za shule tulikuwa tukienda baada ya alasiri. Ijumaa tulianza asubuhi, na Ijumaa ndiyo ilikuwa siku yenyewe. Ukitoka kwenye lifti tu unapokewa na harufu ya iliki na ya sukari inayochemka, kwa sababu Bi Maalim alikuwa akikaanga kaimati huku akitusomesha. Wavulana walibeba madumu ya maji ya kunywa kutoka kwenye duka la chini, ambalo sote tuliliita bakala kama wenyeji. Wasichana tulifagia zulia kwa fagio gumu na kufuta vumbi marufaa, vile vibao vya kukunjua vinavyobeba msahafu. Halafu tunaketi, kila mtu na pahala pake alipofikia, na tunaanza sote kwa pamoja, kwa sauti kubwa, kila mmoja sura yake. Mgeni angedhani ni vurugu. Bi Maalim, yuko jikoni, mgongo ametupa sisi, alisikia kila kitu. Ghafla mwiko unagonga karai, kang'!

"Wewe wa dirishani! Rudi!"

Na kweli, wa dirishani alikuwa ameruka neno.

Nyuma ya ukuta wa sebule na wa chumba cha Bi Maalim aliishi mlinzi Mkenya, Mkristo, aliyefanya zamu ya usiku na kulala mchana. Yaani alilala, au alijaribu kulala, katika saa zetu zilezile. Mama zetu waliona aibu, wakamtuma dereva akamwombe radhi. Mlinzi akatoka na taulo begani, akasema, "Msijali. Kwetu nimelala kando ya posho mill, mashine inasaga mahindi kutwa. Nyinyi ndio redio yangu." Tukamwita Anko wa Ukutani. Kila Ijumaa Bi Maalim alimwekea sahani ya kaimati, naye alizimaliza jioni akijiandaa kwenda kanisani, maana huku hata Wakristo hukutana Ijumaa. Mwenyezi Mungu anisamehe, lakini kwa miaka mingi nilidhani Ijumaa ya Anko na Ijumaa yetu ni kitu kimoja, ila yeye huenda amechelewa.

Sasa nikueleze juu yangu, na sitajificha. Nilikuwa mtoto mwoga. Sikuogopa giza wala mbwa, niliogopa kukosea. Nilikuwa nikisoma, nikigugumia neno moja, basi siwezi kuendelea. Narudi mwanzo wa aya. Nikigugumia tena narudi mwanzo wa ukurasa. Siku nyingine nilimaliza asubuhi nzima kwenye ukurasa uleule, nikatoka pale nimetota jasho na kiyoyozi kinavuma. Hakuna aliyenirudisha. Hata Kiswahili hiki unachokisoma nilijifundisha kukiandika hivyohivyo, kwa kusoma maneno ya kanga za mama na vipande vya magazeti vilivyofungiwa vitu tulivyoletewa na jamaa zetu wa Tanga, nikiandika sentensi, nikifuta, nikiandika tena. Bado nafuta. Aya hii tu nimeifuta sijui mara ngapi.

Watoto walinipa jina: Bi Rudia. Aliyelibuni ni binti wa dereva, aliyeketi karibu yangu na kusoma kama gari lililokatika breki. Alikosea, akarudishwa, akacheka, akaendelea. Alimaliza msahafu mzima akaniacha mimi katikati. Nilimpenda na nilimwonea wivu kwa kiasi kilekile.

Kumaliza kwenyewe kulikuwa na siri. Mtoto akifika kwenye sura ya mwisho, hakuisomea sebuleni. Bi Maalim alimchukua chumbani kwake, akafunga mlango. Baada ya muda wanatoka, mtoto anacheka cheko la ajabu, mama yake anaingiza sinia la halua na visheti, tunakula. Ukimuuliza mtoto kumetokea nini humo ndani, anasema, "Utaona mwenyewe." Binti wa dereva, ambaye hakuweza kuficha hata zawadi ya mama yake, siri hiyo aliificha. Nilimbembeleza kwa peremende, nikamfinya, wapi.

Halafu Ijumaa moja Bi Maalim akazima jiko kabla kaimati hazijaiva zote, akaja kuketi nasi zuliani. Mkataba wa mwanawe umekwisha, akasema. Mwisho wa mwezi wanarudi Unguja, wote. Wadogo walianza kulia kwa kuwa wakubwa wameacha kusoma. Mimi nilitazama msahafu wangu. Nilikuwa kwenye Yasini. Anayesoma atajua kwamba ilikuwa imebaki kama robo ya msahafu. Kwa mtoto mwingine haikuwa kazi kubwa, lakini kwa mwendo wangu ilikuwa ni safari ya mwaka. Na nilitaka kumaliza kwake. Sikutaka kwenda kuanzishwa upya na mwalimu nisiyemjua. Nilitaka ule mlango ufungwe nyuma yangu na mimi.

"Bi Maalim, na mimi nitamalizia kwa nani?"

"Kwangu. Kwani nimekufa?"

"Lakini siku..."

"Lakini yako hiyo ndiyo inayokuchelewesha. Soma."

Binti wa dereva akaninong'oneza, "Ukijirudisha kama ulivyozoea, atakusikiliza kwa simu kutoka Unguja. Na vocha utanunua wewe."

Basi chuo kizima kikanibeba. Sikufagia tena, walifagia wengine. Nilikuwa nikifika kabla ya wote na kuondoka baba anapotoka kazini hotelini na kunipitia. Nilimsomea Bi Maalim akifunga vikombe katika magazeti. Nilimsomea akibishana na mtu wa mizigo kuhusu uzito wa maboksi, akanirekebisha mimi na yule mtu wa mizigo kwa pumzi moja. Nilisoma jikoni, nimekalia gunia la mchele. Siku moja kwenye lifti nikakutana na Anko wa Ukutani, macho mekundu, anatoka kazini.

"Wee Rudia! Ile mstari ya jana nimeishika yote. Nimeiimba getini usiku kucha, supavaiza akaniuliza kama nimesilimu."

"Samahani, Anko. Nilikuwa nakosea."

"Unakosea wapi? Mimi sijasikia kosa. Nasikia tu unarudi nyuma, unarudi nyuma, kama dereva hajui kupaki."

Nilimwambia Bi Maalim maneno yale nikitaka anionee huruma. Alicheka mpaka akajifuta macho. Kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kufanya kabla. Nilipoanza kusoma aliweka kiganja chake juu ya ukurasa, akafunika mistari niliyokwisha kuisoma. Nikienda mbele, kiganja kinateremka. Nikigugumia nikataka kurudi, nakuta kiganja, chenye hina iliyofifia na harufu ya iliki na mafuta. Kosa la kweli alinitajia neno nikalisema sawa palepale. Hofu yangu ya bure hakuijibu kabisa. Siku ya kwanza nililia. Siku ya pili nilisoma kurasa ambazo zamani zingenichukua mwezi. Hofu haikuondoka, nikasoma nayo.

Ijumaa ya mwisho sebule haikuwa na zulia. Sauti zetu zilipiga ukutani na kurudi, tukajisikia wengi kuliko tulivyokuwa. Zilibaki sura fupifupi, zile ambazo kila mtoto wa pwani huzijua kabla hajajua kuvaa viatu. Bi Maalim akanishika mkono, akaniingiza chumbani, akafunga mlango.

Hapakuwa na kitanda tena. Akakalia boksi, mimi nikakalia sanduku lililofungwa kamba. Nikasoma. Kiganja kikateremka. Nikafika sura ya mwisho kabisa, ya kwanza niliyofundishwa maishani mwangu, na katikati yake, wallahi sijui kwa nini, neno likanipotea. Kichwa kikawa cheupe. Nikatazama ukurasa, nikaona wino tu.

Halafu kutoka ng'ambo ya ukuta sauti nzito ya usingizi ikasema, "Aii, Rudia! Hiyo si ni ile ya mwisho? Hata mimi naijua!"

Bi Maalim akaanza kucheka. Alicheka kanga ikamwanguka begani, boksi likalia chini yake, na mimi nikamfuata, nikacheka mpaka neno likarudi lenyewe katikati ya cheko. Nikalisema. Nikamaliza sura. Ikawa imekwisha, msahafu wote, na kosa lipo pale pale mwishoni, pahala pa kuonekana zaidi.

"Nirudie?" nikauliza.

Nilitazamia aseme hapana. Akasema, "Rudi."

Akaondoa kiganja. Akaushika msahafu, akafunua kurasa zote nilizozihangaikia miaka ile, fungu kwa fungu, mpaka mwanzo kabisa, akauweka mbele yangu kwenye Alhamdu. Nikaisoma. Akafunua, nikasoma na zile aya chache za kwanza za sura inayofuata, ya ng'ombe, ndefu kuliko zote. Hapo ndipo akaufunga.

"Basi. Ndivyo tunavyomaliza. Umekwisha kuanza tena."

Hiyo ndiyo ilikuwa siri. Nilielewa cheko lao. Hakuna hata mmoja wetu aliyetoka chumba kile amemaliza, sote tulitoka tumeanza. Binti wa dereva alikuwa amesimama mlangoni na sikio lake karibu na kitasa.

"Umeona?"

"Nimeona."

"Umekosea?"

"Nimekosea."

"Mimi nilikosea mara tatu," akasema kwa fahari, akanivuta kwenye halua.

Tulikula tumekaa kwenye sakafu tupu. Mama alileta halua na visheti, dereva alileta chupa mbili za chai ya karaki, ile ya huku ya maziwa na iliki, baba alifika na sare yake ya hoteli na kunibusu kichwani mbele ya watu, jambo ambalo hakulizoea. Mwishowe akaingia Anko wa Ukutani, amenyoa, ameshika katoni ya juisi.

"Na mimi nimehitimu, ama?"

"Wewe bado," Bi Maalim akamjibu akimpakulia sahani. "Hata alifu hujaijua. Umejua ya mwisho tu."

"Basi nimeanzia nyuma. Ni vibaya?"

"Si vibaya. Kula."

Waliondoka wiki ile. Sisi baadaye tulihamia Lusail, kaskazini mwa Doha, katika jengo jipya lenye lifti isiyo na harufu yoyote, ambapo majirani tunapungiana mikono kwenye maegesho. Dereva na bintiye walirudi Mombasa. Anko sijui yuko lango gani sasa. Bi Maalim yuko Unguja, magoti yanamsumbua, na hunitumia sauti kwenye simu. Nyuma yake nasikia watoto wanasoma kwa vurugu, na mara moja moja, kang'. Lakini sebule ile haipo. Haipo hata hewa iliyokuwamo, maana ghorofa ya nne ikibomolewa hubaki anga, na anga huwezi kuingia kwa kuvua viatu.

Nilisimama pale kwenye mabati mpaka yule askari kijana akanisogezea kiti chake cha plastiki kivulini. Nikakaa. Nikasoma Alhamdu kwa sauti ndogo, kisha nikaingia zile aya za kwanza za sura ndefu, kama nilivyofunzwa. Nilikosea neno moja. Nililisikia mimi, na huenda na yeye amelisikia, maana alinitazama.

Nikaendelea.