Muhogo wa Ukingoni

Erasto aliweza kukueleza kemia yote ya muhogo bila kufungua daftari, lakini kwao Kilimanjaro walikula ndizi. Mwaka 1973 chuo kikuu kilimpeleka kijiji cha ujamaa karibu na Mpapura, kule kusini, miezi miwili ya mazoezi ya kazi. Bila ripoti nzuri ya mwenyekiti wa kijiji, Mzee Thabiti, masomo yangeishia hapo. Kwa hofu hiyo hakuuliza mtu jambo lolote. Alidhani kuuliza ni kujianika.

Siku ya shamba la pamoja, wapishi walikwenda kuchota maji. Erasto, kwa kiherehere cha kutaka kuonekana mchapakazi, akang'oa muhogo uliokuwa karibu, akamenya, akabandika sufuria. Mwanakombo, mpishi mkuu, aliporudi akamshukuru sana, akatia tui la nazi.

Baadaye Erasto akatafuna kipande kibichi kilichosalia. Kilikuwa kichungu. Akatazama alikong'oa: ukingoni mwa shamba. Huku hata watoto wanajua kwamba muhogo wa ukingoni hupandwa kuwakomesha nguruwe, na hauliwi mpaka ulowekwe, uanikwe, uwe makopa. Ukichemshwa tu unaweza kuua. Sumu yenyewe Erasto aliijua kwa jina lake la kitabuni.

Watu arobaini walikuwa wananawa. Akisema, masomo yamekwisha. Asiposema, nazi itaficha uchungu na njaa itamaliza kazi. Akanyamaza mpaka sahani ya kwanza ikajaa, na kwa hilo mimi simsamehe.

"Mama, usiwape," akasema. "Nimeung'oa ukingoni."

Mwanakombo akaweka upawa chini. "Mwanangu, mie nshaonja."

Chakula kikamwagwa shimoni. Mwanakombo akalazwa mkekani, Erasto akakaa kando yake akisikiliza pumzi zake, akiogopa kila zilipochelewa. Mama akatapika mara mbili. Alasiri akaomba uji, akamuuliza kijana kama mdomo wake ni wa kulia tu.

Siku ya kuondoka, Mzee Thabiti alimpa ripoti bila kumtazama. Erasto aliisomea njiani. Ilikuwa mistari mitatu.

"Hajui muhogo. Akikosea anasema, ingawa anachelewa. Akimaliza masomo, mrudisheni kwetu."