Mwalimu wa Piano wa Manika na Binti Zake

Usidhani ilikuwa rahisi kumpata mwalimu wa piano Kolwezi. Watu wa huku ni watu wa gitaa, na wenye piano walikuwa Wazungu wa kampuni. Ukibisha hodi kwao, anayekujibu ni mbwa. Lakini binti yangu Mignonne alikuwa anapiga vidole mezani kutwa nzima, hata wakati wa kula, mpaka sahani ya sombe inacheza yenyewe. Baba yake akaniambia nimchape aache. Nikamwambia achape ukuta kwanza, nione. Kesho yake nikaanza kutafuta.

Mlinzi wa shule moja aliniuliza, mimi muuza samaki wa kukauka, piano ya nini? Sikumjibu, maana siku ile ningemjibu kwa kapu. Tata mmoja, yaani mzee, wa kule Kasulo alijitangaza ni fundi wa muziki wote. Akatuletea kinanda cha betri chenye meno yaliyong'oka, halafu kabla hata ya kukiwasha akaomba bia. Nikamshika mtoto mkono tukarudi. Nilikuwa karibu kukata tamaa, ndipo mteja wangu mmoja sokoni akaniambia, “Mama Laurentine, weye unazunguka bure. Enda Manika, kwa Mama Stéphanie.”

Nikaenda. Nikamkuta mama mwembamba, kitambaa kichwani, anapepeta mchele mlangoni, na ndani ya nyumba ya vyumba viwili kuna piano nyeusi iliyokula nusu ya sebule. Piano ile iliachwa na familia ya Wazungu waliokimbia vita vya mwaka sabini na nane. Mume wake, Tata Muamba, karani wa mgodini, aliwaomba wasiivunje. Mlango ukawa mwembamba, akabomoa dirisha lote na fremu yake ili mke wake apate chombo alichojifunza kwa masista tangu utoto. Majirani walimcheka sana. Wenzake walikuwa wananunua baiskeli, yeye anabomoa nyumba kwa ajili ya kelele. Nilipofika mimi, Tata Muamba alikuwa ameshafariki kwa kifua, na mama alikuwa analea binti wawili peke yake, Kabedi na mdogo wake Tshiela, aliyekuwa bado ananyonya kidole.

Ufundishaji wake ulikuwa wa ajabu kidogo. Alitaka mkono ukae kama unaoviringisha tonge la bukari, umejikunja lakini haubani. Mtoto akilaza vidole, hagombezwi. Anapelekwa jikoni, anapewa bukari ya kweli, aviringishe na ale, mpaka mkono ukumbuke. Kila Jumatano Mignonne alirudi nyumbani ameshiba, na mimi nikasema huyu mwalimu atafilisika kwa unga. Lakini baada ya miezi kadhaa mtoto wangu alikuwa anapiga wimbo wa kanisa kwa mikono yote miwili. Baba yake, yule wa viboko, alisimama nje ya dirisha la Manika amevua kofia. Nilifurahi mpaka nikaona aibu kufurahi.

Sasa nieleze jambo moja, maana bila hilo hamtaelewa kilichompata. Mama Stéphanie alikuwa Musanga. Kwao mtoto ni wa ukoo wa mama, na mwenye neno juu ya mtoto ni mjomba, ndugu wa mama yake. Baba anazaa, analisha, anapendwa, basi. Mume wake alikuwa Muluba wa Kasai. Yaani baba yake Muamba ndiye aliyeletwa kutoka Kasai kuchimba shaba, na Muamba mwenyewe alizaliwa hapa hapa Kolwezi, hakuwahi kuiona Kasai hata siku moja. Mimi ni wa Lubudi, na kwetu mtoto anafuata baba. Kwa hiyo tulikuwa tunabishana, yeye anacheka, mimi napandisha sauti.

Na mjomba alikuwepo, msiseme hakuwepo. Aliitwa Stany. Ndugu wa tumbo moja na Mama Stéphanie. Kila mwisho wa mwaka wa shule alikuja kuchukua karatasi ya alama za Kabedi, akaizungusha mtaa mzima. “Muamba alizaa,” anasema, “lakini haba batoto ni bangu.” Tshiela alipozaliwa, Stany ndiye aliyeleta mbuzi. Sikumpenda, ana maneno mengi na macho yake yanazunguka, lakini siwezi kusema hakuwapenda wale watoto.

Halafu ukaja ule mwaka mbaya. Kazi ya mgodini ilikuwa inakufa, mishahara haikuja, na watu wakubwa walisimama kwenye mikutano wakasema njaa yetu imeletwa na Wakasai. Wakaanza kuwaita bilulu, wadudu. Majirani uliokula nao jana, leo wanaimba nje ya mlango wako utoke. Vijana walitembea na panga na mabomba ya chuma, nyumba kwa nyumba, wakiuliza majina. Wakasai wakabeba magodoro na masufuria, wakakimbilia gare, wakangoja treni ya kuwapeleka nchi ambayo wengi wao hawakuwahi kuiona. Nilikuwa na miaka arobaini na nilidhani nawajua watu wa mji huu. Sikuwajua.

Nikaenda Manika mbio. “Unipe Kabedi na Tshiela,” nikamwambia. “Ndugu yangu anapanda lori ya Lubudi leo. Batakaa kwa mama yangu. Hakuna mutu atabauliza kitu kule. Mambo ikipoa, unabarudisha.”

Mama Stéphanie akakataa. Hakukataa kwa ujinga, na hilo ndilo linaloniuma. Aliniambia, “Mama Laurentine, mujomba yabo eko. Nikibaficha kwa watu wengine, ni kama ninasema Stany hana nguvu juu ya batoto bake. Hiyo matusi hatanisamehea. Na nikimutukana leo, kesho nani atabasimamia?”

“Na jina lao je? Linaitwa Muamba.”

“Jina ni ya baba. Batoto ni ba kwetu. Stany atakuja, atasema, itaisha.”

Nilimwambia ana kichwa kigumu. Akanimiminia chai. Akamtumia Stany ujumbe, akachinja kuku, akafagia uwanja kama mtu anayengoja posa. Ilikuwa Jumatano, Mignonne alikuwa pale pale na somo lake, kwa hiyo yote niliyaona kwa macho yangu, sikuhadithiwa.

Stany alikuja. Alikula kuku, akamweka Tshiela pajani, akamwambia dada yake atulie. Chai ilikuwa bado moto vijana walipofika. Walikuwa wengi, na mbele yao mmoja ambaye zamani alikuwa ananunua samaki kwangu. Hakutusalimu. Akasema, “Mama, weye uko wa hapa, hatuna neno na weye. Haba batoto beko ba nani?”

Mama Stéphanie alimgeukia ndugu yake, taratibu, kama inavyotakiwa, maana neno lile halikuwa la mwanamke kulisema. Lilikuwa la mjomba. Hata Kabedi alijua, alikuwa ameshasimama nyuma ya kiti cha mjomba wake.

Stany alimshusha Tshiela pajani. Akajifuta mdomo. Akasema, “Ba Muamba.”

Kijana akarudia, “Ba Mukasai?” na Stany akaitikia kwa kichwa. Mimi nilimwita mbwa. Nilimwita na mengine ambayo Mignonne hakupaswa kuyasikia, mpaka mmoja wao akaniinulia bomba na mtoto wangu akanishika nguo kwa nguvu. Mama Stéphanie alikuwa anamtazama ndugu yake tu, anatazama mdomo wake, kana kwamba amesikia vibaya na anangoja alisahihishe neno. Hakulisahihisha. Wakapewa muda wa kufunga mizigo, na mama akafunga ya watu watatu. Kijana akamkumbusha kwamba yeye anaweza kubaki. Akaendelea kufunga.

Wengine wanasema Stany aliogopa. Kweli, hata mimi ningeogopa, panga zilikuwa tano sita uwanjani. Wengine wanasema aliitaka nyumba. Mimi moyo wake sikuuona. Ninachojua ni kwamba alihamia mle ndani mwezi ule ule na mpaka leo analala mle.

Pale gare palikuwa ni jehanamu ya matope. Familia chini ya mahema ya plastiki, wengine chini ya mabehewa mabovu, mvua inanyesha, choo hakuna, na treni haiji. Nilikuwa nawapelekea unga na samaki kila nilipoweza kupita. Njia ya Lubudi ilikuwa imeshafungwa na vizuizi, wanauliza kila mtoto jina la baba yake. Ule mlango wa kuwaficha ulikuwa umefungwa. Mama Stéphanie alikaa katikati ya watu wanaosema Tshiluba, lugha ambayo hakuijua. Mwanzoni walimwogopa, mwanamke wa Katanga, jimbo hili linalowafukuza, anafanya nini hapa? Baadaye bibi mmoja, Mushiya, akamsogezea mkeka wake, akawa anamkatia nusu ya kila alichopata.

Surua ikaingia. Ilipita kwenye yale mahema ikachukua wadogo. Tshiela alianza kwa homa, macho mekundu, halafu kifua. Mama yake alimbeba mgongoni mpaka kwa waganga wa misaada, akapewa dawa, akamrudisha. Mtoto hakuwa na nguvu tena ya kulia. Nilipofika asubuhi na uji wangu, bibi Mushiya alinifuata njiani, akaupokea uji, akatikisa kichwa. Nililia pale pale relini.

Habari ikafika Manika. Mchana Stany akaja, amevaa koti, na wanaume wawili wa ukoo wao, wamebeba sanduku dogo la mbao mpya na sanda nyeupe. Uso umemshuka. Alikuwa analia, nami nasema kweli, machozi hayakuwa ya bandia. Kwao mtoto wa ukoo akizikwa na wageni, ukoo unachafuka, wafu wanaudai. Akachuchumaa mbele ya dada yake.

“Yaya,” akasema, yaani dada mkubwa, “utupe mutoto. Huyu ni wa kwetu. Inafaa alale kwa bankambo, kwa bazee betu ba zamani.”

Mama Stéphanie alikuwa amempakata Tshiela, amemfunika kwa kitenge. Nilitaka amtukane. Nilikuwa nimeshamwandalia matusi yote kichwani, angeniangalia tu ningempa. Lakini sauti yake ilitoka chini, ya mtu aliyechoka.

“Mutoto ni wa Muamba,” akasema. “Bandugu ba Muamba batamuzika.”

Stany akamwita tena, yaya, yaya. Mama Stéphanie akamwinulia bibi Mushiya yule mtoto, naye akampokea, na wanawake wa Kasai wakasimama mmoja mmoja na kuanza kumlilia kwa Tshiluba. Mama Stéphanie alifuata nyuma yao, kilio chenyewe hakijui, anaitikia sauti tu bila maneno. Wanaume wakachimba kando ya reli kwa sepetu ya kuazima. Hakukuwa na sanduku. Stany alibaki ameshika lake, na hakuna aliyemwambia aondoke wala akae.

Treni ilikuja baadaye, mabehewa ya kubebea mawe, watu wakapangwa humo kama magunia. Kijana aliyesimama mlangoni mwa behewa alimwambia Mama Stéphanie maneno yale yale, weye uko wa hapa, shuka. Yeye alimvuta Kabedi akamkalisha katikati ya miguu yake, akatazama upande wa pili. Nilimpa kapu la samaki. Akanishika mkono, akaniambia nisimwache Mignonne aache piano. Niliapa. Kiapo kile kilinishinda, maana katika mji mzima sikumpata tena mtu wa kumfundisha, na mtoto mwenyewe hakutaka tena kupelekwa kwa mtu.

Sijui kama walifika. Njiani walikufa wengi, nimesikia. Nimewauliza wote waliorudi miaka ya baadaye, na hakuna aliyemjua mama mwembamba asiyejua Tshiluba.

Stany amezeeka. Alinijia mara ya kwanza na soda, mara ya pili na kuku, juzi alikuja mikono mitupu akakaa kwenye ngazi yangu. Yale makaburi ya kando ya reli yamefunikwa na majani, hayana misalaba, na siku ile ya mazishi hakuthubutu kusogea ayaone yalipo. Anataka nimwonyeshe Tshiela alipolala, apeleke unga wa matambiko, aombe. Mimi napajua. Huwa nakwenda na jembe langu, napalilia. Kila akija namwambia mtoto wa Muamba hamhusu, na nafunga mlango.