Fundi Wembe na fito ambazo hakuzikata

Saa moja asubuhi, karakana tayari inanukia mbao mbichi na gundi. Mwanamume mmoja amesimama mbele ya mashine ya kupasulia mbao, ambayo haijawashwa, mkono wake wa kulia ukiwa mfukoni. Amesimama hivyo muda mrefu hadi mafundi wenzake wameanza kujitia kutafuta misumari iliyo mbele ya macho yao.

Hii ni siku yake ya kwanza kazini tangu atoke hospitali. Hapa wote wanamwita Wembe, na jina hilo hakulipata kwa ukali wa maneno, ingawa maneno pia anayo. Alilipata kwa fito zake, vile vipande vyembamba vya mbao vinavyopigiliwa kuzunguka kioo cha dirisha ili kisichomoke. Ufito wa Wembe ulikuwa umenyooka, na unene wake ulikuwa mmoja kutoka ncha hadi ncha.

Anayedhani hiyo ni kazi ndogo na ajaribu. Ufito ukinenepa upande mmoja, ukiupigilia unabana kioo, na kioo kinapasuka mikononi mwako huku mwenye dirisha anakutazama. Ukiwa mwembamba mno, kioo kinacheza na kulia kila upepo ukipita.

"Nilikuwa najisikia sana," anasema Wembe, macho yakiwa kwenye vumbi la mbao sakafuni. "Wenzangu wanapima na kupima tena. Mimi nawaambia, geji yangu ni kidole."

Kidole hicho hakipo tena. Anautoa mkono mfukoni: cha shahada kimekwenda chote, na cha kati kimebaki nusu. Anauonyesha harakaharaka, kama mtu aliyechanikiwa nguo mbele ya wageni, kisha anaurudisha mfukoni.

"Mkono ni ajali," anasema. "Aibu yangu ina mwenyewe, na yuko pale."

Anaonyesha kwa kidevu. Karibu na dirisha, mwanamke wa makamo aliyejifunga kitambaa kichwani anapiga msasa mlango wa kabati. Ni shemeji yake, mjane wa mdogo wake. Aliingia hapa baada ya mumewe kufariki, akaanza kwa kufagia, akahamia kwenye msasa na vanishi. Mashine ikiwa haina mtu, alikuwa akijifunza kupasua.

Hakujifunza kama Wembe. Alijitengenezea kifaa chake, kibao kizito chenye mpini juu na kisigino nyuma. Kibao hulala juu ya ubao na ufito kwa pamoja, kisigino kikanasa mwisho wake na kuusukuma mpaka upite wote. Msumeno ukiwa na njaa, unakula kibao. Vidole viko juu kwenye mpini, mbali na meno.

Chuma cha kuongozea ubao akishakifunga hakigusi tena, hivyo kila ufito hutoka na unene uleule. Na lile pengo lililo kando ya msumeno, ambamo ufito mwembamba hupenda kutumbukia, alilifunika kwa kipande cha plaiwudi chenye upenyo wa kutosha msumeno tu.

Wembe alipokiona kifaa hicho alicheka mpaka akakaa chini. "Shemeji, umekuja kupasua mbao au kupiga pasi?" Tangu siku hiyo kifaa kikaitwa pasi, na mwenye pasi akaitwa Dobi.

"Utani wa shemeji naujua," anasema mwanamke huyo bila kuacha msasa. "Ila wateja hawakujua kama ni utani. Mtu analeta kazi ya fito, anaambiwa hata Dobi anakata. Anacheka, anaondoka."

Asubuhi ya ajali, Wembe alikuwa na kazi ya mkandarasi anayejenga zahanati. Alikuta plaiwudi ya shemeji yake juu ya mashine, akaing'oa na kuitupa pembeni. "Nani ametandika kitanda kwenye mashine?" aliuliza kwa sauti. Karakana nzima ilicheka, isipokuwa mtu mmoja.

Hakufika mbali. Ufito ulitumbukia kwenye lile pengo, ukavunjika, na kidole kilichokuwa kikiukandamiza kikakosa cha kukandamiza. Anachokumbuka ni ukimya, kwa sababu mashine ilikuwa imeshazimwa. Aliyeizima ni shemeji yake. Ndiye pia aliyevua kitambaa cha kichwani akamfunga mkono, akampeleka hospitali.

Mambo yangeishia hapo, Wembe anasema, angeshaomba radhi siku nyingi. Lakini alipokuwa amelazwa, mkewe akilisha watoto kwa cherehani, kazi ya zahanati ilikuwa bado inasubiri. Shemeji akaikata yote kwa pasi yake. Mkandarasi alipouliza ni kazi ya nani, shemeji akamjibu ni ya Wembe, aliimaliza kabla ya ajali, ili malipo yaende kwa mke wa Wembe.

Baadaye mkandarasi alikuja nyumbani kumjulia hali. "Akaniambia, fundi, hakuna kioo hata kimoja kilichopasuka. Fito zako hazijawahi kutoka vizuri namna ile." Wembe anapangusa vumbi la mbao kwenye mashine. "Nilijua si zangu. Mke wangu alijua, alikuwa amesimama pale na chai. Nikasema, asante, tajiri, tunajitahidi."

Mkewe aliweka chai chini, akatoka. Hawajalizungumza hadi leo.

"Kidole kiliuma kikapona," anasema. "Ile asante haijapona. Natamani ardhi ipasuke inimeze."

Na leo mkandarasi anarudi. Ana jengo jingine, anataka fito zilezile za mtu yuleyule. Wembe akiipokea kazi hiyo, itabidi shemeji aikate tena kwa jina lisilo lake. Akisema ukweli, jina lililomlisha miaka yote linamtoka mbele ya watu.

Mkandarasi anaingia na viatu vyake vyenye vumbi la simenti, ameshika ufito mmoja. "Wembe, mzee wa kazi! Pole sana. Nataka kama huu."

Wembe anaupokea kwa mkono wa kushoto, anauinua usawa wa jicho na kuutazama urefu wake wote.

"Tajiri, huu si wangu."

"Si wako vipi?"

"Sijakata hata mmoja katika zile. Nilikuwa hospitali. Ulipokuja kunisifu nikanyamaza, nikala sifa ya mtu. Amezikata fundi yule pale."

Katika karakana hii hakuna aliyewahi kumwita mwanamke yule fundi. Msasa unasimama. Mkandarasi anamtazama mwanamke, anautazama ufito, kisha anauliza swali la mtu mwenye kazi: ana nafasi lini?

"Kesho kutwa," anajibu shemeji. Sauti yake haina furaha. Mkandarasi akishatoka, anamgeukia Wembe. "Mimi nilidanganya kwa ajili ya watoto wako. Wewe ulinyamaza kwa ajili ya nani?"

Wembe anafuta macho kwa mkono wa kulia, amesahau kwamba alikuwa akiuficha.

"Nisamehe, shemeji," anasema. "Na kama hutajali, nifundishe kutumia ile pasi yako."

"Yangu siazimi."

Anainama chini ya benchi, anatoa kitu kilichofungwa kwa gazeti. Ni pasi nyingine, mpya. Mpini wake una bonde la dole gumba na mabonde ya vidole viwili vizima, na kati yake bonde fupi la nusu kidole.

"Niliichonga ukiwa umelazwa," anasema. "Nikaogopa kukupa. Ungesema Dobi anakucheka."

Wembe anaushika mpini, na mkono unakaa. Anasema sasa anataka jambo moja: afanye kazi chini ya shemeji yake hadi siku atakapomwachia akate fito za dirisha moja la jengo lile jipya, shemeji mwenyewe akizikagua.

Kisha anakwenda ukutani, anaichukua ile plaiwudi, anairudisha juu ya mashine na kuibana vizuri.

"Nani ametandika kitanda kwenye mashine?" anauliza mmoja wa mafundi kule nyuma.

"Mimi," anajibu Wembe, na kusogea pembeni ili shemeji yake, fundi, apite.