Kanyaga Alipanda Mwenyewe

Jina la Kanyaga alipewa na wateja, kwa sababu ya neno lake moja. Kwa miaka thelathini na mmoja hakuna gari lililotengenezwa breki likatoka gereji yake kabla yeye hajaketi kando ya mwenye gari, wakateremka mlima wa shule, naye njia nzima anasema, "Kanyaga. Kanyaga tena." Mafundi wengine walitoa dhamana kwa maneno, yeye aliweka roho yake rehani. Waliomcheka walimpelekea magari ya wake zao.

Alhamisi hiyo, saa saba mchana ikikaribia, dereva teksi alirudi amekunja uso. Breki alizofungiwa Jumatatu zimezama, amesimama kwa handibreki na rehema za Mungu. Kanyaga akafungua silinda ya breki, akatoa raba mpya. Ilikuwa imevimba na kulainika, kama mkate uliosahauliwa ndani ya chai. Ile ya zamani, iliyofanya kazi miaka kumi na tisa, bado ilikuwa imekaza kule kwenye ndoo ya takataka. Hasira zikampanda. Siku hizi wanatengeneza maboksi tu, kilichomo ndani shauri yako.

Kisha akakumbuka. Jumatatu alinunua seti mbili za raba hizo. Ya pili aliifunga kwenye gari la shemeji yake, mjane wa kaka yake, anayebeba watoto wa shule. Watoto hutoka saa saba.

Akapiga simu, ikaita mpaka ikakata. Shemeji hapokei simu akiendesha, na aliyemfundisha hivyo ni yeye mwenyewe. Akadandia pikipiki ya kwanza iliyopita, spana ingali mkononi.

Alipofika shuleni, gari la shemeji lilikuwa limeshatoka getini, watoto wamejaa, mteremko uko hatua ishirini mbele. Kanyaga akaruka, akasimama katikati ya barabara, mikono juu. Gari likasimama karibu kumgusa.

"Shemeji, una nini leo?" mwanamke aliuliza dirishani, akicheka. "Si unaona breki zinashika?"

"Usiachie mguu. Kanyaga."

Akakanyaga. Hapo barabara ilikuwa imeanza kuinama kidogo. Pedali ikazama taratibu chini ya mguu wake, gari likajongea, bampa likagusa magoti ya Kanyaga. Mwanamke hakucheka tena.

"Vuta handibreki."

Kanyaga akasukuma mawe chini ya magurudumu, akashusha watoto mmoja mmoja.

Shemeji alibaki ameshika usukani. "Lakini Jumatatu ulipanda mwenyewe. Tuliteremka mlima huu huu. Wazazi wao niliwaambia, msiwe na wasiwasi, shemeji amepanda."

"Nilipanda, zikashika. Hata jana ningepanda, labda zingeshika."

"Basi siku nyingine nitajuaje?"

Kanyaga akamshika mkono mtoto mdogo kuliko wote, wakaanza kuteremka mlima kwa miguu.