Jina la Babu

Juzi, katika kituo cha afya hapa Kasongo, nilimpeleka mwanangu kwenye mizani. Mbele yangu, baba mmoja kijana alikataa kumpa mtoto wake jina la babu.

“Baba aliuawa na lutuku. Sitaki pombe imufuate mutoto.”

Mama yake akamgusa mkono. “Baba yako alianza na huzuni, mwanangu. Pombe ilikuja nyuma.”

Muuguzi akaweka kalamu chini. “Vyote viwili vinaweza kupita mu damu, papa, lakini si lazima. Jina halibebi kitu. Na weye, unalala muzuri?”

“Hapana. Sasa miezi miwili.”

Muuguzi akamvutia kiti. “Ikala. Huzuni ya vile inatibiwa.”

Kijana akakaa. “Basi, andika jina la baba.”

Foleni nzima ilichelewa. Aliyenung’unika ni mwanangu peke yake.