Ua wa Kimo cha Majani Chai

Mama alikuja kwangu Embu mjini akiburuta mguu wa kushoto. Kiharusi kilikuwa kimempiga kwetu Kibugu, katikati ya msimu wa majani chai, na sisi watoto tukakubaliana akae kwangu kwa sababu nyumba yangu haina ngazi na hospitali iko karibu. Yeye hakukubaliana na mtu. Alikaa barazani kwenye kiti cha plastiki, uso kauelekeza mlimani, na kila jioni aliniuliza atarudi kwake lini.

Daktari wa viungo hakumficha. "Mama, hii mguu ukiiweka tu kwa kiti itakauka. Lazima utembee kila siku. Ukikosa, tutakutafutia kiti ya magurudumu."

Nilimrudishia maneno hayo kwa Kiembu, moja baada ya jingine, bila kuyapaka asali. Njia ya kufika kwake ni kilima kikali chenye utelezi katikati ya chai, na hakuna gurudumu lililowahi kukipanda. Bila mguu, hakuna Kibugu. Alielewa vizuri sana.

Ungedhani basi atatembea. Wapi!

"Nitembee niende wapi?"

"Popote, Mama. Ni mazoezi."

"Na mtu akiniuliza ninaenda wapi?"

Kwetu hilo si swali dogo. Ukikutana na mtu njiani atataka kujua unakotoka na unakokwenda, na lazima uwe na jibu: sokoni, shambani, kanisani, matangani. Anayezunguka tu bila safari ni mgonjwa wa akili, au ni mwizi anayechunguza maboma. Mama alikuwa ameishi miaka yote bila kuwa mmoja wao, na hakukusudia kuanzia kwangu.

Nilimtoa kwa nguvu. Barabarani tulishindwa, maana kila hatua chache bodaboda ilisimama: "Shosho, panda nikupeleke!" Naye alikuwa tayari kupanda. Ikabaki bustani ya mtaa. Ilikuwa na nyasi, viti vya saruji na kijia cha kuizunguka, lakini ua wake wa kaiyaba, ile miiba mirefu kama sindano za gunia, ulikuwa umeota kupita kichwa cha mtu. Ukiingia, barabara haikuoni tena. Mimi mwenyewe nilinyang'anywa simu mle saa sita mchana, na tangu siku hiyo nilikuwa nikipita mbali. Mama alitazama mara moja tu, akasema, "Hapa ni pa kuchinjiwa watu," akageuza fimbo yake.

Asubuhi mbili zilizofuata alikataa hata kuvaa viatu. Hasira zikanipanda. Nikamwambia, "Basi kaa hapo ukauke!" Si neno la kumwambia mzazi, na hadi leo linanichoma, lakini nililisema.

Asubuhi ya tatu nilimkuta mlangoni amevaa gambuti zangu, panga langu mkononi, na ufito wa mwanzi kwapani.

"Twende kwa ule ua," akasema.

"Kufanya nini?"

"Kwani wewe huwa unatembea bila kazi?"

Mtoto wa nyoka ni nyoka. Nilichukua panga la pili kwa jirani. Mama alinipa amri kama kibarua wake: mimi nikate juu, yeye asawazishe. Waliozoea chai huacha vichaka vyote kimo kimoja, kiunoni, na hulaza ufito juu yake wapate kuona kilichozidi. Ndivyo alivyofanya na kaiyaba. Alilaza mwanzi, akafumba jicho moja, akakata, akasogea hatua. Akalaza tena, akasogea. Ule mguu aliokataa kuutembeza ulikuwa unatembea, na mimi nilinyamaza kabisa asije akagundua. Miiba ilinitafuna mikono hadi nikaenda ofisini na nguo za mikono mirefu wiki nzima.

Mwenyekiti wa mtaa alitokea siku ya pili, amekunja uso. "Nani amewapatia ruhusa ya kukata?"

Mama hakugeuka. Kiswahili chake ni cha sokoni, lakini kinatosha. "Na nani alikupatia ruhusa ya kuacha?"

"Mama, hiyo ua ni ya usalama."

"Usalama ya nani? Hii inaficha mwizi. Haifichi mimi."

Mwenyekiti aliondoka akinung'unika. Siku hizi huwaambia wageni kwamba wazo lilikuwa lake.

Upande wa barabara ulipokwisha, mwanamke anayeuza ndizi ng'ambo aliweza kuona hadi viti vya ndani, akaanza kutupungia. Wapangaji wa ghorofa wakaanza kuingia alfajiri kabla ya kazi, kwanza wawiliwawili, baadaye hata mmoja peke yake. Mama akiulizwa, "Shosho, unaenda wapi?" alijibu, "Kazini," na alikuwa anasema kweli. Tulipokata hadi tukarudi pale tulipoanzia, aliuzunguka ua wote kuukagua, mwanzi mabegani, fimbo ameisahau nyumbani.

Jioni hiyo aliniambia nimfungashie nguo.

Nilikasirika. Nilimwambia bado, nilimwambia daktari hajasema, nilimwambia mvua inakuja. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimezoea sala zake nyuma ya ukuta na chai yake yenye maziwa mengi mno. Nilikuwa nimeupigania mguu ule kwa matusi na kwa panga, na sikuwahi kukaa chini nifikirie utamchukua uende naye wapi.

Nilimpeleka Jumamosi. Gari lilituacha chini, pale lami inapoishia, na kilima kikawa mbele yetu, kimelowa. Nilimpa mkono. Aliutazama, akaniachia mfuko wa nguo badala yake, akaanza kupanda. Polepole, mguu wa kulia, kisha ule mwingine. Nilimfuata nikitweta, na katikati ya njia nikaketi juu ya mfuko. Yeye hakusimama. Nikamwona akifika uani, akitafuta ufunguo kifuani, akifungua mlango wake mwenyewe. Ndipo akageuka, akanitazama pale chini.

"Haya, panda," akaita. "Au tukutafutie kiti cha magurudumu?"